Namna ya kuisoma riwaya ya wachoma vitabu ukiwa umekaa barazani kwako

Kila ninapoanza Fahrenheit 451 na vijana wa kikundi chetu cha kusoma hapa Wete, Pemba, hatufiki mbali kabla mmoja hajasema: "Maalim, hizi kuta za televisheni si ndizo simu zetu?" Wenzake huitikia kwa pamoja, na mjadala unataka kwisha palepale. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuendelea baada ya jibu hilo. Huenda ni mwalimu wa skuli, huenda ni mwanafunzi, huenda ni watu wanne watano wanaokutana baada ya Laasiri na nakala moja ya kitabu. Ushauri wangu ni mmoja: unapolinganisha jamii ya riwaya na maisha yako, acha kulinganisha vitu, linganisha sababu. Ukuta ni kitu, na simu ni kitu. La kuuliza ni nani aliyekitaka kitu hicho, alikitakia nini, na kilipoingia ndani ya nyumba kilikitoa nini.

Kwa ambaye hajaisoma, riwaya hii aliitoa Ray Bradbury wa Marekani mwaka 1953. Jina lake ni kiwango cha joto ambacho, kwa mujibu wa kitabu chenyewe, karatasi hushika moto. Kwa selsiasi ni kama 233. Guy Montag ni mzimamoto, lakini mjini kwao nyumba haziungui tena, na wazimamoto kazi yao ni kuvichoma vitabu na nyumba iliyovificha. Mkewe, Mildred, anashinda sebuleni penye kuta tatu za televisheni, na usiku analala na redio ndogo mithili ya kome masikioni. Mwandishi alikuwa mtoto wa miaka 12 wakati wafuasi wa Hitler walipovichoma vitabu hadharani mjini Berlin, tarehe 10 Mei 1933, na moto ule hakuusahau.

Kabla ya ukurasa wa kwanza, tazama nakala uliyonayo ni chapa ya lini. Mwaka 1967 mchapishaji alitoa toleo la skuli ambalo maneno makali yalifutwa na vipande vingi vikabadilishwa, na mwenye kitabu hakuwa na habari. Alikuja kugundua mwaka 1979, akaghadhibika, akataka maandishi yake yarudishwe yalivyokuwa. Nakala kuukuu zinazozunguka mikononi mwa walimu huweza kuwa za toleo hilo, basi angalia. Mimi huwasimulia vijana kisa hiki mapema kwa makusudi. Riwaya inayosimulia jinsi vitabu vilivyokatwakatwa ilikatwa yenyewe, na walioikata hawakuwa askari. Walikuwa watu wa vitabu waliotaka iingie skuli bila ya mzazi kulalamika. Ukimwuliza kijana "nani aliyefanya hivi, na kwa nini?" tayari ameshaanza kazi ya kulinganisha sababu, na hajafungua hata sura.

Halafu weka daftari. Kila mnapokutana na jambo geni katika mji wa Montag, liandikeni, na chini yake jibuni maswali matatu: nani alilitaka, lilipokuja liliondoa nini, na nani angeweza kulipinga lakini alinyamaza. Msiandike bado lolote kuhusu Zanzibar. Hilo ndilo gumu, kwa sababu akili inakimbilia nyumbani. Ivumilieni hadi mmalize sehemu ya kwanza.

Chukua mfano wa ukuta wa nne. Mildred anazo kuta tatu na anataka wa nne, bei yake dola 2,000, na mumewe anamwambia hiyo ni thuluthi ya mshahara wake wa mwaka mzima. Nani alilitaka? Mildred mwenyewe. Hakuna ofisa aliyekuja kumbandikia. Liliondoa nini? Soma mbele kidogo utakuta mke na mume hawakumbuki walikutana wapi mara ya kwanza. Nani alinyamaza? Montag, ambaye alilipia kuta tatu za mwanzo. Jibu hilo la tatu ndilo linalowaumiza vijana, nami huwaacha wakae nalo.

Anzieni kwenye baraza

Wengi huanza kulinganisha kwenye moto kwa sababu ndio uliochorwa juu ya jalada. Mimi nasema anzieni kwenye baraza.

Katika sehemu ya kwanza, Clarisse, msichana jirani anayekaribia miaka 17, anamweleza Montag kwamba zamani nyumba zilikuwa na baraza za mbele. Jioni watu walikaa hapo, wakazungumza walipotaka na wakanyamaza walipotaka, wakiyapindua mambo vichwani mwao. Wachoraji wa majengo wakaziondoa kwa madai kwamba haziipendezeshi nyumba. Mjomba wake Clarisse hakuikubali sababu hiyo. Yeye aliona kuwa watu wakikaa bure wakazungumza, hufikiri, na hayo ndiyo hayakutakiwa.

Msomaji wa mbali hulipita fungu hilo haraka. Msomaji wa Unguja na Pemba halipiti. Kwetu baraza ndipo anapopokelewa mgeni ambaye hana ruhusa ya kuingia ndani, ndipo kahawa chungu inaponywewa kwa kashata, ndipo bei ya karafuu inapojulikana kabla haijatangazwa. Mji Mkongwe kuna Jaws Corner, inayojulikana kwa siasa na kahawa. Michenzani kuna Maskani ya Kisonge, iliyopata jina kwa ubao wake, wapita njia wakisimama kusoma kilichoandikwa. Mtu anaweza kukasirishwa na yanayosemwa sehemu hizo, nami yananikasirisha mara nyingine, lakini ndizo sehemu ambazo mtu asiyejua kusoma huyasikia ya gazeti na akayajibu.

Zoezi lenyewe linafanyika kwa miguu. Chagua mtaa mmoja. Sisi huenda kutoka Utaani hadi Limbani. Wagawe vijana wawili wawili na kila kundi litazame nyumba za zamani na nyumba mpya. Ipi ina baraza, ipi imezungushiwa ukuta na geti? Kisha wabishe hodi, wamwamkie mwenye nyumba vizuri, "shikamoo bibi", "shikamoo babu", na waulize: mlipojenga, kwa nini hamkuweka baraza? Ni muhimu waulize na wasikisie. Majibu yanayorudi ni ya watu wa kweli na wenye akili zao. Mmoja anasema wezi. Mwengine anasema barabara ilipanuliwa, baraza ikavunjwa, hakuijenga tena. Bibi mmoja alimwambia mwanafunzi wangu kwamba wanaume walikuwa wanakaa pale wakihesabu nani anaingia na nani anatoka, na yeye amepumzika siku ukuta ulipokamilika. Fundi atakwambia ramani ya nyumba siku hizi inakuja kwa simu kutoka kwa kijana aliyeko Dar es Salaam au Muscat, na kwenye ramani hiyo hakuna baraza.

Hapo ndipo mlinganisho unapokuwa na uzito. Mjomba wa Clarisse alishuku kuwa kuna mkono nyuma ya kuondoshwa kwa baraza. Mtaani kwetu hakuna mkono. Kila sababu iliyotolewa ni halali, na ya bibi yule ni zaidi ya halali. Hata hivyo, zikijumlishwa, mtaa unabaki na mahali pachache pa kukaa bila ya kununua kitu. Waambie vijana waandike yote mawili katika ukurasa mmoja, uhalali wa kila mtu na hasara ya wote, bila ya kufuta moja ili kulinusuru jengine. Anayeweza kuandika hivyo ameielewa riwaya kuliko anayeweza kutaja majina ya wahusika wote.

Na baraza iliyobakia? Nendeni mkaitazame saa kumi na mbili jioni. Baadhi yake imejaa watu na haina sauti, kila mtu na kioo chake. Hili nalo liandikeni, lakini liandikeni baada ya lile la kwanza.

Ukurasa wa Kapteni Beatty

Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza Montag anaumwa, na mkubwa wake, Kapteni Beatty, anakuja chumbani kwake, anakaa kitini na kumsimulia yote yalivyoanza. Msomeni kwa sauti, mtu mmoja baada ya mwengine, na msiruke. Ni hotuba ndefu ya mtu aliyesoma sana na akavichukia alivyovisoma.

Anachosema Beatty ni hiki: haikuanza serikalini. Hapakuwa na amri, wala tangazo, wala ukaguzi wa maandishi. Watu wakazidi, picha na redio zikaja, na vitabu vikafupishwa ili viendane na haraka. Riwaya ikawa kipindi cha redio cha robo saa, kisha safu ya dakika mbili, ikaishia mistari kumi ya kamusi. Hamlet ikawa ukurasa mmoja unaomwezesha mtu kusema naye ameisoma. Kila kundi likalalamika juu ya kitabu kilicholigusa, waandishi wakazilainisha kalamu, wasomaji wakachoka. Wazimamoto walipopewa kazi mpya, wasomaji walikuwa wameshaondoka.

Mkimaliza, fungueni begi la mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne. Humo mtakuta kijitabu cha uchambuzi. Takadini ipo humo, Watoto wa Mama N'tilie ipo humo, na kila moja imepangwa: wahusika, dhamira, ujumbe, matumizi ya lugha, mifano miwili ya kukariri. Nimekaa na vijana wanaoeleza migogoro ya riwaya nzima kwa mpangilio mzuri wa mtihani, nikawauliza jalada la kitabu chenyewe lina rangi gani, wakatazamana. Simlaumu kijana. Darasa lina nakala chache, mtihani unauliza dhamira na wala hauulizi kama ulilia, na kijitabu kinauzwa bei ambayo mzazi anaimudu. Mwalimu mwenye vipindi vingi naye anakipenda, kinamwokoa. Tumieni maswali yetu matatu. Nani alilitaka? Sote. Liliondoa nini? Riwaya. Nani alinyamaza?

Huo ndio mlinganisho wa karibu zaidi ninaoujua kati ya mji wa Montag na skuli zetu, na hauna simu ndani yake.

Liongezeni na lile la Faber. Yeye ni profesa mzee anayemsaidia Montag kwa siri, na alipoteza kazi miaka 40 nyuma, chuo cha mwisho cha fani zake kilipofungwa kwa kukosa wanafunzi. Hakikuchomwa. Wanafunzi hawakuja tu.

Vipimo vya Faber, na gari ya Chake

Faber ndiye anayetupa chombo cha kupimia. Anamwambia Montag kwamba anachokitafuta si vitabu hasa, ni vitu ambavyo zamani vilipatikana vitabuni, na vitu hivyohivyo vingeweza kuwemo kwenye kuta za televisheni leo, ila havimo. Ishike kauli hiyo kwa mikono miwili, kwa kuwa inakuepusha na mahubiri ya kizee dhidi ya simu. Kisha anataja mahitaji matatu: habari yenye uhai na undani, wasaa wa kuitafakari, na haki ya kutenda kwa mujibu wa tulichokipata katika hayo mawili.

La kwanza halina shida kwetu. Siti binti Saad, aliyerikodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, aliimba juu ya dhuluma na kesi za mahakamani kwa undani uliomfanya msikilizaji amjue aliyeonewa. Wimbo ule si kitabu, na unafuzu kipimo cha Faber. Darsa iliyorikodiwa vizuri inafuzu. Mazungumzo mengine ya redio yanafuzu. Riwaya mbovu haifuzu. Kwa hiyo mpe kila mwanakikundi achague kitu kimoja alichokitazama au kukisikiliza wiki ile, akipime, na atetee jibu lake. Wapo watakaoshangaa kuona klipu ya fundi wa jahazi akitia kalafati imewapa zaidi ya kitabu walichoazima.

La pili, wasaa, ndilo ninalotaka mlikalie.

Katika sehemu ya pili Montag yumo kwenye treni na Biblia mkononi, pengine nakala ya mwisho, na atalazimika kumpa Beatty. Anataka kuhifadhi japo maneno machache juu ya maua ya kondeni. Wakati huohuo spika za treni zinapiga tangazo la dawa ya meno ya Denham, linarudiwa na kurudiwa, na abiria wanalipigia miguu. Maneno hayashiki. Anakumbuka alipokuwa mtoto, mtu alimwahidi senti kumi akiweza kujaza chekeche kwa mchanga. Mwisho anasimama na kulipigia kelele tangazo, na abiria wanamwona mwendawazimu.

Nendeni mkaifanye. Chukua ubeti mmoja wa mishororo minne usioujua. Panda gari ya Wete kwenda Chake Chake, zile za mabenchi mawili yanayotazamana, muziki umefunguliwa, utingo anagonga bodi, simu yako imewashwa na bando ipo. Ujifunze ubeti mpaka ufike. Siku nyengine chukua ubeti mwengine wa urefu huohuo, ujifunze nyumbani baada ya sala ya Alfajiri, simu ikiwa chumba kingine. Linganisha kilichobaki kesho yake. Tahadhari: asije mtu akaandika kuwa gari ndiyo mbaya. Vijana wengine huhifadhi vizuri garini kwa kuwa wameshazoea kuhifadhi katikati ya sauti nyingi za chuo cha Kurani, kila mtoto na sura yake. Wakikuletea jibu hilo lipokee, kwa kuwa linaonyesha kuwa kelele za watu wanaosoma ni jambo moja na kelele zinazokutaka ununue ni jengine.

Msiache tukio la mwisho wa msako wa Montag, ingawa sitalikalia sana. Amekwishawakimbia wanaomsaka, lakini watazamaji wa televisheni wanasubiri mwisho, basi kamera inamtafuta mtu yeyote anayetembea peke yake na mbwa wa mashine anamuua badala yake. Watazamaji wanaridhika. Kila aliyewahi kupokea kwenye kundi la WhatsApp picha ya ajali kabla jamaa wa marehemu hawajaambiwa ana la kusema hapo. Mpeni nafasi.

Marufuku ya kweli iandikwe kwa tarehe

La tatu la Faber, haki ya kutenda, linatufikisha kwenye amri na sheria. Hapa sauti zinapanda barazani, na hapa ndipo panapotaka nidhamu kuliko popote. Kanuni ninayoiweka ni nyepesi: asiseme mtu "kwetu pia wanazuia" mpaka ataje nini, lini, nani aliamuru, sababu gani ilitolewa, na je, bado kinasomeka?

Mfano wa Zanzibar: gazeti la kila wiki la Dira, mhariri wake Ali Nabwa, lilipigwa marufuku na Serikali ya Zanzibar Novemba 2003, likiwa na umri wa kama mwaka mmoja tu. Zanzibar inayo Sheria Namba 5 ya 1988 inayohusu usajili wa wakala wa habari, magazeti na vitabu. Isomeni jina lake lote, vitabu vimo. Mfano wa Tanzania Bara: Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupiga marufuku vitabu 16 katika skuli, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili.

Sasa viwekeni mbele ya Beatty. Mtagundua kuwa mambo mawili haya hayafanani hata yenyewe kwa yenyewe. Dira lilikuwa na wasomaji waliokuwa wakilisubiri, likaondolewa kwa amri. Hilo halimo katika hotuba ya Beatty, kwani yeye anasema wasomaji walitangulia kuondoka. Vile vitabu 16 viliingia kwenye mazungumzo ya wazazi, na wazazi wengi waliunga mkono. Hilo limo, tena waziwazi, pale anaposema kila kundi lilikuja na lalamiko lake. Mimi ni mzazi na nina maoni yangu: mzazi ana haki ya kuchagua kitakachosomwa nyumbani kwake, na ningependa orodha ya vitabu vya skuli ijadiliwe kwa kuvifungua na kuvisoma, wala si kwa picha ya ukurasa mmoja inayosambazwa. Mwanakikundi anayenipinga ana nafasi sawa na yangu.

Chukueni pia, ndani ya riwaya, habari ya bibi mzee aliyekataa kutoka nyumbani kwake, akawasha kibiriti mwenyewe akaungua pamoja na vitabu. Nani alimshitaki? Jirani. Ipo kwenye karatasi ya taarifa, herufi mbili za jina tu. Mtaani tunapojuana hadi vyungu, swali la jirani anayepeleka habari halihitaji kufafanuliwa. Ulizeni tu, halafu subirini.

Pale tunapoizidi riwaya

Mlinganisho unaokwenda upande mmoja, riwaya kioo na sisi tunajitazama kwa aibu, haujakamilika. Geuzeni. Mwisho wa kitabu Montag anakutana na watu wanaoishi porini kando ya reli ya zamani, kila mmoja amehifadhi kitabu kichwani. Yeye anachukua kitabu cha Mhubiri. Kwa Bradbury hilo ni jambo la ajabu, limefikiwa baada ya kila kitu kushindikana.

Kwa mtoto wa Pemba si ajabu. Amekaa chuoni tangu hajajua kufunga vifungo vya shati, na mjini kwake mna mahafidhi wa Kurani anaowajua kwa majina. Mashairi ya Kamange na Sarahani, washairi wa Pemba wa zamani, yalikaa kwenye vifua vya watu kabla ya kukusanywa na kuchapwa kitabuni mwaka 2011. Huu ni utaratibu uliokuwepo wakati wa amani, unaofunzwa kwa watoto, unaoheshimiwa. Mwambie kila kijana amtafute mtu mmoja mzima kijijini kwao anayehifadhi utenzi, au nyimbo za msewe, au dua ndefu, akae naye, na amwulize alijifunza kwa nani na nani anajifunza kwake. Swali la pili mara nyingi halina jibu. Basi na liandikwe hivyo: halina jibu.

Na kuna pale ambapo riwaya na sisi hatukutani kabisa, wala pasilazimishwe. Watu wa Montag walikuwa na vitabu wakavitupa. Duka la karibu na kwangu linauza madaftari, kalamu, kijitabu cha uchambuzi na vitabu vya kiada. Riwaya huja kwa mtu anayesafiri: katika begi, juu ya boti, pamoja na dawa za mtu na simu ya mtu. Riwaya ya Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ilisubiri mpaka baada ya tuzo hiyo ndipo ikatoka kwa Kiswahili, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Hakuna aliyeichoma, na kwa miaka zaidi ya 25 msomaji wa Kiswahili peke yake hakuweza kuisoma. Jamii ya namna hiyo Bradbury hakuichora. Mwanafunzi akikwambia kuwa riwaya haimhusu kwa sababu hii, amesema kweli kubwa, na ni wajibu wako kumwomba aiandike yeye, kwa kuwa haijaandikwa.

Hapa ndipo ninapowasimulia kwamba Bradbury aliiandika sehemu kubwa ya kazi hii katika chumba cha chini cha maktaba ya chuo kikuu, Los Angeles, kwa mashine za kuchapa za kukodi, senti kumi kila nusu saa. Vijana wanaolipa bando ya saa moja ili wamalizie kazi ya skuli wanamwelewa mara moja.

Kuandika ukurasa wenyewe

Usiombe insha ndefu. Omba ukurasa mmoja kwa mkono. Kila ukurasa uwe na namba moja ya ukurasa kutoka kwenye riwaya na jina moja la mahali petu: mtaa, duka, kituo cha gari, baraza ya mtu. Pasiwe na sentensi inayoanza na "jamii ya leo", kwa kuwa jamii ya leo haina anwani. Sababu itajwe kabla ya lawama. Na kuwe na mstari mmoja unaosema wapi mlinganisho unakatika.

Kisha badilishaneni kurasa, na kila mmoja aandike chini ya ukurasa wa mwenzake pingamizi moja, aweke jina lake, na airudishe kwa mwenyewe ajibu mkutano unaofuata.